Ulimi wa Kinyonga, Mguu wa Mama

Kama kuna mtu mwingine amewahi kukosana na mama mkwe kwa sababu ya ulimi wa kinyonga, anitafute tuongee, maana hapa Lanet niko peke yangu.

Mume wangu ni Muturi, yule wa kupiga video. Kama umeoa, umebatiza mtoto ama umezika mtu kutoka Free Area mpaka Dundori, pengine umemwona: mrefu, kofia imegeuzwa nyuma, anakanyaga wamama miguu akitafuta mahali pazuri pa kusimama. Kazi hiyo ilitulisha vizuri. Halafu mhadhiri mmoja wa chuo huko Njoro akamwita amrekodie kinyonga akidaka mdudu, akampa kamera ya chuo, ile inayochukua maelfu ya picha kwa sekunde moja. Siku hiyo ndiyo nilimpoteza mume.

Alirudi amewaka kwa furaha. "Joan, unajua kinyonga si goigoi? Ulimi wake ukianza mbio na gari, gari inaachwa."

Nikamwambia ale, ugali unapoa. Wapi. Akachukua kijiko na soksi ya mtoto kunionyesha. Ulimi, ati, umevaa mfupa hivi, kama soksi iliyokunjwa. Msuli peke yake hauwezi mbio kama ile, kwa hivyo kinyonga anajikaza polepole, anavuta utando ulio kati ya msuli na mfupa, anaweka nguvu akiba, kisha anaachilia yote mara moja kama manati. Panzi ni hivyo hivyo, kiroboto hivyo hivyo, hata ganda la mbarika likipasuka juani na kurusha mbegu. Soksi iliangukia kwa mchuzi.

Akajenga kizimba cha wavu kando ya ua wa miiba ya kayaba, akaweka vinyonga wa chuo ndani, na hapo ndipo aliishi. Anakaa wiki nzima akingoja mnyama afungue mdomo, na akiufungua, Muturi anapiga chafya. Watu wa harusi wananipigia mimi simu. Nawaambia nini, kwamba bwana anangoja nzi aliwe?

Hayo ningevumilia. Lakini Mama akaja.

Mama yake Muturi, Wangui, ni mkulima wa viazi Dundori. Ana ugonjwa wa sukari, na jembe lilikuwa limemkata mguu, kidonda kikakataa kupona. Daktari alituambia bila kuzunguka: kisafishwe kila siku, asikanyage udongo, akae karibu na hospitali mpaka kifunge. Akirudi shambani, mguu utakatwa. Kumtoa kwake kulihitaji wamama wote wa guild, kile chama chao cha kanisani, na bado aliingia kwangu akinung'unika juu ya ng'ombe. Nilishukuru Mungu. Kazi yetu ilikuwa moja tu, Mama akae.

Siku ya pili akaona kizimba.

Mama ni mtu wa kanisa, lakini kwake Biblia iko pale na "kale kanyama" kako pale. Hata jina hataji. Wazee walimwambia Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa wakaisha. Akatembea polepole, akafika, akaanza kugugumia, "niliambiwa... niliambiwa...", mpaka ndege akamtangulia na kusema kwamba watu watakufa. Basi tunakufa. Mama akafunga dirisha la upande ule, akakataa kutoka hata kuota jua.

Nilimsihi Muturi arudishe wanyama wa watu Njoro. Akasema wamezoea kula mbele ya kamera, akiwahamisha sasa watasusa. "Na Mama akiona vile wanafanya kazi, woga utaisha." Nikamwambia mama yako si mwanafunzi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi asubuhi, baada ya kumfunga Mama kidonda, Muturi akaweka kompyuta mbele yake. Kinyonga akafungua mdomo, taratibu, ncha ya ulimi ikachungulia. Kisha ulimi ukatoka, mrefu kumshinda mwenyewe, na nzi hakuwa pale tena.

"Hapo nimepunguza mwendo," Muturi akasema. "Kwa macho huwezi kuona."

"Rudisha," Mama akasema.

Akarudisha. Mama akasogea karibu. Nami, mjinga, nikafurahi.

"Alikuwa ameota jua?"

"Hapana, Mama, na hapo ndipo kuna utamu. Ilikuwa alfajiri na baridi. Miguu yake imekufa ganzi, hata tawi halishiki vizuri, lakini ulimi ni mbio ile ile. Kuurudisha ndani ndiko huchelewa, kwa sababu hapo msuli unavuta. Kuutoa ni manati, na manati haijui baridi."

Nilimkanyaga Muturi mguu chini ya meza. Akaendelea kama mtu wa mnada. "Na wale wadogo, ukiwapima kwa mwili wao, ndio wakali zaidi."

Mama akasukuma kikombe cha chai kando.

"Miaka hii yote nilidhani hakuweza kusema upesi," akasema. "Nilimwogopa, lakini nilimsamehe. Mtu akiwa goigoi utamlaumu vipi? Kumbe ulimi alikuwa nao. Hata kwa baridi alikuwa nao. Na neno lenyewe lilikuwa moja."

"Mama, hiyo ni hadithi tu."

"Baba yako Kabiru amelala kwa shamba chini ya simiti. Hiyo pia ni hadithi?"

Muturi akasema atawatoa saa hiyo hiyo.

"Uwatoe kwa nini? Si ulitaka nisiogope? Siogopi tena. Nimekasirika. Na wewe ulijua alichoweza, na bado unamlisha kwa mkono."

Akampigia Ngigi, mtoto wa dada yake, aje na gari yake, ile probox. Niliomba, nililia, nilificha kiatu kimoja. Akaondoka na kimoja.

Vinyonga wamerudi Njoro. Sasa Muturi anapanda Dundori kila asubuhi na bandeji, na Mama anamwachia mguu ausafishe. Kidonda kimepanuka, na katikati ya vidole kuna matope, maana viazi haviwezi kungoja. Nina hasira na huyu aliyeonyesha na huyu aliyeona, na sijui nianze na nani. Kila Muturi akimwomba Mama arudi, jibu ni lile lile: "Nitarudi siku utaniambia kwa nini aligugumia na ulimi alikuwa nao."

Muturi amemtafuta hata yule mhadhiri. Wanajua vile ulimi unatoka, mpaka mfupa na msuli. Hilo la kwa nini hakuna aliyelipima.

Jana daktari alisema Mama asipolazwa wiki hii, mguu hauokoleki. Muturi alinipigia akiwa amesimama nje ya jikoni ya mama yake, nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Joan, wewe hukosi neno. Nimwambie nini?"

Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nikaanza, "Mwambie... mwambie..."