Mvua Niliyoomba Isinyeshe

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenifikisha uzee huu nikiwa bado na macho ya kusoma Neno lake na mikono ya kushika jembe. Sifa ni zake, mwaka wa shibe na mwaka wa njaa.

Mwanangu, nasikia umeandikishwa kwenye kazi za serikali za kuchimba mitaro hapa Wamunyu, maana viwanda vimepunguza watu na bei ya unga haishikiki. Umefanya vizuri. Lakini tangu nisikie sijatulia, kwa hiyo nisikilize.

Nakumbuka siku moja nilipokuwa kijana wa umri wako. Uchumi ulikuwa umeanguka, nami nilikuwa nimerudishwa nyumbani kutoka kiwandani. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Serikali ikaleta mpango: tuchimbe mitaro kwenye miteremko kuzuia mmomonyoko, tupewe mahindi na maharagwe. Tulichimba kwa mwethya, yaani kikundi cha majirani, kila mtu na kipande chake. Sheria ilikuwa moja: udongo wa mtaro unarushwa upande wa juu, ushindiliwe uwe ukingo. Kurusha juu kunavunja mgongo. Kurusha chini ni rahisi.

Kipande changu kilikuwa juu ya shamba la Mama Syombua, mjane. Mama yangu alikuwa mgonjwa, akingoja chakula cha Ijumaa. Kioko, aliyechimba karibu nami, aliniona nikihema, akacheka.

"Wewe Muli, unajiua nini? Hii kazi ni ya serikali, si ya mama yako. Rusha chini twende!"

Nikarusha chini, nikafunika lundo kwa nyasi. Msimamizi akaja na kijiti chake, akapima kina na urefu, akapita. Ijumaa nikabeba mahindi nyumbani, mama akala.

Wiki iliyofuata Mama Syombua akapanda kunde na mbaazi kwenye udongo mkavu, kama tunavyofanya huku kabla ya mvua. Zilikuwa mbegu zake za mwisho. Kisha mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Kitui. Kanisani watu waliimba huku wakilia kwa furaha. Mimi peke yangu nilipiga magoti nikiomba isinyeshe, kwa sababu lundo langu lililolegea lingeshuka lote juu ya mbegu zile. Kila upepo ulipovuma, nilitazama juu.

Siku ya tatu nikashindwa. Nilimwendea kiongozi wa mwethya, bibi mmoja tuliyemwita Mwaitu Kalekye, yaani Mama Kalekye, nikamweleza yote.

"Kwa hivyo watu wote walale njaa, ndio uvivu wako usijulikane?"

"Nisamehe, Mwaitu."

"Mimi si Mama Syombua. Enda umwambie yeye, halafu shika sepetu. Sisi tutakupata huko."

Nilimwambia. Aliingia ndani, akatoka na jembe lake. Tulirusha udongo juu sote, Kioko naye. Matone ya kwanza yalitukuta tumebakiza hatua chache tu, na hapo hapo maji yakapenya, yakashusha udongo ukafukia mistari mitatu ya kunde. Mingine ilipona. Mama yangu, mgonjwa vile, alichukua kunde za mbegu alizokuwa ameficha kwenye kibuyu, akampelekea Mama Syombua apande tena. Sikumtuma. Aibu ile bado ninayo.

Mwanangu, msimamizi wako naye atakuwa na haraka. Usichimbe kwa ajili ya kijiti chake. Chakula kinatoka serikalini, lakini udongo utashukia shamba la jirani yako. Ukikosea, sema mapema, mbingu zikiwa bado nyeupe. Na usiishi hata siku moja mahali ambapo baraka ya watu wote imekuwa hofu yako.

Wewe unayesoma haya, Mungu akupe kazi, akupe na nguvu za kurusha juu. Na mvua yake itakapokuja, ikukute umesimama mlangoni kwako, moyo umetulia. Amina.