Ubavu wa Kushoto

Walimwita Mama Vumbi, kwa sababu hata akivaa nguo za kutokea, nywele zake hazikukosa unga wa mbao. Alikuwa fundi wa milango, na milango yake ilisifika: ukibamiza mmoja kwa hasira, inayoumia ni hasira yako. Lakini alichokuwa akikiunga mwaka ule bandani hakikuwa mlango. Kilikuwa kiwiliwili cha ndege, mbao tupu, nafasi ya mtu mmoja.

Banda lilikuwa la kaka wa mumewe, muuza vipuri vya pikipiki.

"Shemeji, hili nini? Jeneza la twiga?"

"Ndege."

"Itarushwa na nani?"

"Na anayeiunga."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamkauka. "Jumamosi nakuja na vijana wangu wa dukani. Nitasimama juu ya kila ubavu. Ukinibeba, banda lako mpaka umalize. Ubavu ukilia hata kidogo, unahama, nilaze mizigo yangu."

Mama Vumbi akakubali bila kupepesa macho. Mbavu zote mbili, pande za kile kiwiliwili, zilikuwa zimeshaungwa.

Alikuwa na kawaida yake. Kila akikoroga gundi, aliunga pembeni vijiti viwili, akavibana vilevile alivyobana kazi yenyewe, na vikikauka akavivunja kwa nyundo. Mbao ikichanika, gundi imeshika. Vikiachana palepale vilipoungwa, kazi bure. Alhamisi asubuhi, mtoto mgongoni, akagonga vijiti vya ubavu wa kushoto. Vikaachana, visafi kama sahani iliyolambwa.

Akagonga jozi nyingine. Vilevile.

Akakaa kwenye maranda. Kosa lilikuwa la mkono wake. Ubavu wa kulia, ambao vijiti vyake vilichanika vizuri, aliugandamiza kwa matofali tu, maana vibano vilikuwa vimeshika mlango wa mteja. Wa kushoto aliukaza kwa vibano kama alivyokaza milango miaka kumi na miwili, mpaka gundi ikatoka machozi. Gundi ya milango huvumilia. Hii ya ndege, ukiiminya hivyo, inatoka yote, mbao zinabaki zimeshikana kwa jina tu.

Mumewe alimkuta hapo, ametoka kwenye cherehani yake, bado ana futi ya kupimia nguo shingoni.

"Kaka atajuaje, mke wangu? Atasimama dakika moja, ubavu utambeba. Nyamaza tu, banda libaki."

"Yeye akianguka, anaanguka futi moja. Mimi nitakuwa juu ya miti."

"Basi tumwombe wiki."

"Nimwombe ili anicheke mara mbili?"

Akamshusha mtoto, akamkabidhi baba yake, akachukua msumeno.

Jumamosi shemeji aliingia na vijana wake wanne, akakuta ubavu mmoja umesimama, na wa pili rundo la vipande.

"Nilisema! Umeshindwa!"

"Banda nimeshindwa. Ndege sijashindwa." Akawageukia vijana waliokuwa wameziba midomo. "Nyie mliokuja kucheka, mikono si mnayo? Shikeni huko. Polepole, msiuburuze!"

Wakashika. Shemeji naye, bila kuambiwa, akajikuta amebeba ubavu upande wa mkia.

Nyumbani kwa Mama Vumbi hapakuwa na chumba kirefu isipokuwa cha kulala, na hata humo ubavu uliingia mshazari. Kitanda kikatolewa uani.

"Sasa tutalala wapi?" mumewe aliuliza.

"Chini," alisema Mama Vumbi, akipanga matofali ili ubavu usiguse unyevu wa sakafu ukapinda. "Sisi hatupindi."