Simiyu Alivyoshinda Nyumbani Kwao

Enzi zile za baiskeli za black mamba, pikipiki zikiwa bado za kuhesabika, nilitoka Kitale asubuhi moja bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeshaiacha. Mahindi yalikuwa yamevunwa, msimu wa mashindano umekwisha, na waendesha baiskeli walizunguka miji wakishindana kuwafurahisha watu tu. Nilitaka kujua mshindi wa mbio kama hizo hupatikanaje, nikawafuata kwa baiskeli yangu, tukapita Webuye hadi Kanduyi.

Jibu nililipata kwenye kibanda cha chai kabla ya mbio.

"Hapa ni kwao Simiyu," alisema Kiprop, bingwa wa msimu ule, akichovya mandazi. "Simiyu anashinda. Lakini tumsumbue kwanza, watu wasiseme ni mchezo."

Kila mji ulikuwa na mtu wake, na hakuna aliyenung'unika. Simiyu peke yake hakula. Baba wa msichana ambaye Simiyu alitaka kumwoa angekuwepo, na mzee huyo alikuwa ameshasema hampi binti yake mtu wa kuzurura na baiskeli.

Mzunguko wa mwisho, utepe ukionekana, mnyororo wa Simiyu ulikatika. Hilo hawakuwa wamelipanga. Kiprop aligeuka, akashuka, akaanza kubonyeza gurudumu lisilo na shida yoyote. Wa pili alishika paja, ati msuli umekaza. Wa tatu aliinama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala.

"Endesheni, bana! Mmekuja kulala?" watu walipiga kelele.

Simiyu alipita katikati yao akikimbia, akisukuma baiskeli, akawa wa kwanza kukata utepe. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba wa msichana hakucheka. Aliwatazama wale watatu, kisha akamwita Simiyu.

"Kuja nyumbani Jumapili," alimwambia. "Na ukuje na hao waongo wako wote."

Mimi pia nilihesabiwa kati ya waongo. Mama yake Simiyu alinipa kitanda kwenye chumba chenye magunia ya mahindi mapya, nikakaa hapo hadi mvua zilipoanza.

Siku hizi vijana hushindana kwa pikipiki barabara ile ile. Anayeharibikiwa hupigiwa honi na kuachiwa vumbi. Kasi wanayo, siwakatalii. Sijaona bado mmoja akishuka.