Mgeni Aliyejaribu Kofia ya Askari wa Anga

Mimi si mtu wa kuota mchana, na pombe sinywi. Waulize kina mama wa kwaya yetu hapa mtaani Bigo. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mtu aliyekufa aliingia kwenye chumba changu cha kazi, akavaa kofia niliyoitengeneza na kuisifu, usihangaike kutafuta nilipokosea. Nilikuwepo. Nilisimama karibu naye kama wewe ulivyo karibu nami sasa. Na kusema kweli, kabla ya kuogopa nilijivuna.

Wengi hapa Bunia wananiita Mama Deko, kwa sababu kazi yangu ni kupamba kumbi za harusi. Zile nguzo nyeupe nyuma ya bibi harusi, ambazo wageni wanadhani ni za mawe, ni mousse tu, sponji ngumu kama ile ya mikeka ya watoto ya kuchezea. Nilitoka Butembo na mkasi wangu, na nimepamba harusi za watu ambao leo watoto wao wako shuleni. Lakini maua na nguzo vilianza kunichosha. Basi vijana wa mji walipotangaza onyesho la mavazi ya filamu, kila mtu avae alichokitengeneza mwenyewe, nikasema hapo ndipo pangu.

Nilichagua askari wa anga wa filamu moja niliyoiona kwenye simu. Filamu yenyewe sikuipenda sana, watu wanaongea mno. Lakini kuna mahali chombo chao kinaanguka, kifusi kinamfunika yule askari, wenzake wanakata tamaa, halafu anatoka mwenyewe, kwa mikono yake, vazi limechubuka kila mahali. Pale nilisimamisha picha. Niliikuza hadi simu ikawa moto. Bega la kushoto pana kuliko la kulia, bomba la kupumulia linalotoka kidevuni kwenda mgongoni, na mshono wa chini ya kwapa ambao hata walioitengeneza filamu nadhani hawakutegemea mtu auone. Niliuona, na niliuweka.

Watu walicheka sana. Mama mzima, mwenye watoto wakubwa, anakata mabega ya vita sebuleni! Aliyecheka kuliko wote ni mdogo wangu Muhindo, ambaye hupeleka mabuti na tochi kuwauzia wachimba dhahabu wa Bambu.

"Yaya, weye unaenda kupigana na nani?" aliniuliza, maana kwetu dada mkubwa ni yaya.

Nikamwambia anyamaze, anishikie bomba.

Umewahi kuona mousse ikigeuka chuma? Unaikata, unaipitishia pasi ya makaa mpaka ngozi yake ifunge na ijikunje unavyotaka, unaipaka gundi ya mbao tabaka juu ya tabaka, kisha rangi ya fedha. Juu ya fedha unagusisha dawa ya meno hapa na pale, halafu unapaka rangi ya juu, ya moshi. Ikikauka unaisugua, dawa ya meno inatoka pamoja na rangi, na fedha inachungulia chini yake. Mtu ataapa kwamba ni chuma kilichobambuka. Kioo cha usoni nilikikata kwenye kofia ya pikipiki. Hicho kilinisumbua kweli, maana kila aliyeijaribu kofia, hata kwa pumzi mbili tu, kioo kilijaa mvuke asione mbele. Nilitoboa matundu kidevuni, wapi!

Lakini kazi kubwa ilikuwa kulichakaza vazi. Wengine hukwaruza ovyo ovyo, kama wanaowamwagia kuku mahindi. Mimi nilijiuliza kwanza, huyu mtu kimempata nini? Amefunikwa, ametambaa. Basi viwiko na magoti vichubuke, ncha za vidole ziishe kabisa, na kisogo cha kofia kibonyee pale jiwe lilipotua. Mwisho ni udongo. Wa uani kwetu ni mwekundu, na ule wa kwenye filamu ni wa kijivu kinachoelekea njano. Muhindo aliitazama picha, akasema rangi hiyo iko Bambu, akaniletea mfuko mdogo. Niliuchanganya na gundi, nikaupaka kwenye mikunjo, nikaufunika na vanishi. Halafu nilirudi nyuma kutazama, na niamini, nilikaa chini. Sikuwahi kutengeneza kitu kizuri hivyo, wala sikuona haya kujiambia.

Ilikuwa Ijumaa jioni, na onyesho lilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi redio haisikiki, umeme umekatika, nimewasha taa ya chaji. Mtu akapiga hodi huku tayari ameshaingia. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, na mabuti ya mpira. Nilidhani amekimbia mvua. Nikamkaribisha na kumsogezea kiti, lakini hakukaa wala hakunitazama. Macho yake yote yalikuwa kwenye vazi langu, lililosimama juu ya mti wa kulitundikia.

Alilizunguka polepole. Akagusa kiwiko, akagusa vidole, akafika kisogoni na kuweka kiganja chake pale palipobonyea.

"Huyu mutu, jiwe ilimukamata hapa," alisema. "Ilimufunika yote. Lakini alitoka."

Sasa niambie, wewe ungejisikiaje? Muda wote ule watu wananiuliza kama natengeneza roboti au jiko, na huyu, ambaye filamu haijui, ameisoma kazi yangu kama mtu anavyosoma barua kutoka nyumbani. Kichwa kilinivimba. Nikaanza kumweleza habari za pasi na za dawa ya meno, naongea bila kupumzika, na katikati ya maneno yangu nikaona kwamba shati lake ni kavu. Nje mvua kubwa namna ile, na yeye mabega yake yana vumbi. Lilikuwa vumbi la kijivu kinachoelekea njano.

"Mama, naweza jaribu hii kaske?"

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Akaivaa na kufunga kamba bila kuonyeshwa, kama mtu aliyezoea kofia za kazi. Akanigeukia, akawa anaongea mle ndani, kwamba imemkaa vizuri, kwamba aliyeikata anajua kichwa cha mtu. Mimi nilikuwa natazama kioo. Aliongea, akaongea, midomo naiona inavyocheza, na kioo hakikushika mvuke hata kidogo. Mtu gani anaongea bila kupumua? Nikashika meza.

"Hii iko nguvu," alisema. "Na hii naweza rudi kule chini, halafu nitoke kama huyu."

Ningenyamaza, pengine angeondoka nayo na mimi nikabaki salama. Hofu ilinishauri hivyo hasa. Lakini niliona anavyoishika kofia ile kwa mikono miwili, anavyoiamini, na nikaona aibu ambayo sijaijua katika kazi hii. Nimewadanganya wageni wa harusi kwa nguzo zangu na tukacheka wote. Huyu sikuweza.

"Papa," nilimwambia, "hii haiko chuma. Ni mousse. Ni ya kuonyesha tu. Jiwe ikianguka, itaikata."

Akabonyeza shavu la kofia kwa kidole, likabonyea, likarudi. Akaivua taratibu, akairudisha juu ya mti wake, hata bomba akalinyoosha vizuri nilivyokuwa nimelipanga. Kisha akapitisha kidole kwenye mikunjo ya kifua.

"Lakini hii iko ya kweli," alisema. "Hii udongo ni yangu. Mulinileta nayo huku, na miye sijuwe njia ya kurudia."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikabishana na mfu!

"Papa, kazi hii nimeifanya miezi. Uniachie ipite Jumapili tu, nitairudisha miye mwenyewe."

"Miye pia nilifanya kazi, mama," alinijibu. "Nilifanya mingi."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ningebishana zaidi, najijua. Alisema tu, akaenda kusimama mlangoni, uso ameuelekeza kwenye mvua, kama mtu anayengoja mwenzake amalize ili waondoke.

Nikachukua kisu. Udongo ule ulikuwa ndani ya gundi, na juu yake vanishi, maji yasingeutoa. Nilitandika kitambaa chini, nikaanza kukwangua. Nilikwangua kifua, mabega, magoti, rangi inatoka, fedha inatoka, na mimi nalia kwa sauti, maana nilijua naharibu kitu ambacho hakitarudi kabla ya Jumapili. Iliniuma kama nakwangua ngozi yangu. Nilipohakikisha hakuna hata chembe iliyobaki, nikainua kichwa nimwonyeshe. Mlangoni hapakuwa na mtu. Na pale sakafuni alipozunguka na mabuti yake, hapakuwa na alama hata moja.

Nilimpigia simu Muhindo usiku uleule. Kwanza alidhani naumwa. Nilipomuuliza udongo aliutoa wapi hasa, akajitetea.

"Ni ku shimo moja yenye waliacha, yaya. Hakuna mutu alikuwa anatumika pale. Nilizani ni ya bure."

Kosa la mchuuzi hilo! Asubuhi nilimfungia udongo wote katika kitambaa kile, nikampandisha pikipiki arudi Bambu. Wachimbaji walimgombeza hadi akatamani ardhi immeze. Walimwambia kwamba wao wakitoka shimoni, hupangusa mabuti palepale mdomoni, udongo wa shimo ubaki kwa shimo. Na shimo likimfunika mtu asifikiwe, hakuna anayechukua hata wa kujaza kiganja, kwa sababu ndilo kaburi lake. Muhindo amewauzia mabuti yale tangu zamani na hakuwahi kuona wanavyoyapangusa. Mmoja wao aliomba sala, wakaurudisha udongo wote, na kitambaa juu yake.

Unadhani Jumapili sikwenda? Nilikwenda! Nilipolitazama vazi kwa mwanga wa mchana, nilikuta kile kisu changu cha hofu na machozi kimefanya ambacho dawa ya meno haikuweza. Lilikuwa vazi la mtu aliyejitoa chini ya mawe kweli. Nililigusa na masizi ya jiko langu, basi. Nilipotokea ukumbini kelele zilikatika, halafu zikarudi mara mbili, na watu wakasimama. Zawadi ya kwanza walimpa roboti mmoja wa taa za rangi, mambo ya taa tu hayo, lakini foleni ya kupiga picha ilikuwa kwangu. Na jukwaani nilitembea nikiona vizuri kabisa. Tangu Ijumaa ile kioo hakijashika mvuke tena, avae nani, na matundu ni yaleyale.

Siku chache baadaye mwanamke alinipigia simu kutoka Shari. Wachimbaji walikuwa wamempa namba yangu, waliyoipata kwa Muhindo. Aliyefunikwa alikuwa mume wake. Nilimsimulia yote bila kumficha kitu, na nilipomaliza aliuliza neno moja.

"Mama, aliniulizia?"

Neno tamu ningelipata, na angeliamini.

"Hapana, mama," nilisema. "Aliuliza tu kama ile kaske iko nguvu."

Akacheka, anacheka na analia pamoja.

"Njo yeye," alisema, yaani ndiye. "Njo yeye kabisa. Kazi tu, kazi tu."

Alikuja kuliona vazi. Aliniomba aivae kofia kidogo, nikamwachia chumba nikatoka nje. Huwa anakuja hadi leo, na kila akija nasimamisha kazi. Wateja wakubwa wameniomba niwauzie vazi hilo. Siliuzi. Ndiyo kazi bora ya maisha yangu, na aliyeitambua kwanza nimeshakuambia ni nani.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Kama unajenga, unafinyanga, au unapanda tu maua kwenye kopo, usizoe udongo wa mahali kwa sababu hakuna anayeufanyia kazi. Uliza kwanza yumo nani. Na kama wewe ni mtu wa machimbo, pangusa mabuti yako kulekule, hata kama pikipiki inakungoja na dereva anapiga honi. Kuna mke wa mtu Shari ambaye hana kaburi jingine la kwenda kusimama.