Mdomo Nyuma ya Pete za Chuma

Mdomo wa Enoch Duxbury haukujua kutulia. Hata alipokuwa kimya ulikuwa safarini: midomo ikifunguka na kufumba bila sauti, mashavu yakivutwa huku na huku, nyusi zikipanda na kushuka. Askari wenzake wa London walidhani anasali. Wengine walidhani amerukwa na akili. Watu wa Padiham, mji wake wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, wasingedhani lolote. Kwao kila aliyekulia kwenye mabanda ya kufuma pamba husema hivyo, maana mitambo mia kadhaa ikigonga kwa pamoja, sauti ya mtu haifiki hata kwenye sikio lake mwenyewe. Basi watu husema kwa uso. Neno hukatwa kubwa kubwa kwa midomo, likarushwa juu ya mitambo, na aliye upande wa pili wa banda akalidaka kwa macho.

Humo ndimo Enoch alimoanzia kazi angali mtoto, mitalawanda miguuni, vumbi la pamba kooni. Humo ndimo alimomposa Hetty Tattersall. Alisimama kwenye mtambo wake, akamwambia Hetty aliye ng'ambo ya banda, pole pole, asikosee hata neno moja, kwamba anamtaka awe mke wake. Alisahau jambo moja: banda zima lina macho. Bibi mmoja wa mtambo wa kati akamjibia kabla Hetty hajajibu.

"Mwambie kwanza akanunue suruali isiyo na kiraka!"

Banda likacheka bila sauti. Hetty naye akacheka, akainama kuunganisha uzi uliokatika, na alipoinua uso alikuwa amekwisha kukubali.

Mwaka wa pili wa ndoa yao masikio ya Hetty yalikufa kabisa. Kelele za mitambo ziliyala kidogo kidogo, kama zilivyoyala masikio ya mama yake. Hakulia. "Nimekosa nini?" aliuliza kwa ile sauti yake iliyokuwa kubwa na tambarare tangu hapo. "Mahubiri ya mchungaji?" Enoch akawa sauti pekee iliyobaki ndani ya nyumba, na sauti hiyo ilikaa midomoni mwake. Wakitaka kugombana usiku, sharti mmoja awashe mshumaa kwanza. Mara nyingi kiberiti kilipopatikana, ugomvi ulikuwa umeshapoa.

Kisha vita vikuu vya kwanza vya dunia vikamchukua, yeye na Seth, mdogo wake Hetty, wakapangiwa vifaru. Kifaru cha siku zile hakikuendeshwa na mtu mmoja. Dereva alikaa mbele, ubavuni mwa ofisa, akichungulia njia kwenye mwanya mwembamba. Injini ilikuwa katikati, wazi, inanguruma na kutapika moshi. Nyuma yake, kila upande, alisimama mtu wa gia, na hao wawili ndio waliotia au kutoa nguvu kwenye mnyororo wa kushoto na wa kulia. Dereva hakuweza kukata kona bila wao, nao hawakuona nje hata kidogo. Na sauti haikupita. Vifaru vingine vilitumia ishara za mkono: ngumi, kiganja, kidole. Ndani ya kifaru kilichoitwa Dorcas, Enoch aligeuza uso tu, akamwambia shemeji yake aliyesimama gia ya kushoto kila alichotaka, na Seth akampasia mwenzake wa kulia kwa mkono. Dorcas akawa kifaru chepesi kuliko vyote katika kikosi. Alizunguka kama mama mnene anayejua kucheza.

Ndipo zikaja barakoa.

Zilikuja kreti nzima: kipande cha chuma kilichovishwa ngozi, chenye matundu membamba ya macho, na chini yake pete ndogo za chuma zilizofumwa, zikining'inia mpaka kidevuni. Risasi ikigonga kifaru kwa nje haiingii, lakini huyeyuka, na matone yake ya moto hupenya kila mwanya. Madereva ndio walioumia zaidi. Wiki iliyotangulia Enoch alikuwa amesaidia kumteremsha dereva wa kifaru jirani. Uso wa yule mtu ulikuwa umetapakaa madoa meusi kama mkate wa zabibu, na mdomo wa chini haukuwepo. Alikuwa anajaribu kuomba maji. Hakuna aliyemwelewa.

Tangu siku hiyo Enoch hakukaa kitako. Alikula amesimama. Alivuta sigara mpaka ikamchoma vidole. Akiona kioo cha kunyolea kimetundikwa, alikwenda kujitazama mdomo, akaondoka, akarudi tena.

Seth alijaribu barakoa yake, akatikisa kichwa, pete zikalia.

"Shemeji, nitazame! Farasi wa kuvuta jeneza, sivyo?"

"Farasi ana adabu," Enoch akasema. "Ivue kabla hujaivunja."

"Humo ndani kuna joto la tanuri, nawe unataka tuvae sufuria usoni?"

"Mimi naitaka."

Seth akadhani ni mzaha. Alipomwona amefunga zile kamba kisogoni, akaivua yake taratibu.

Kesho yake walifanya mazoezi. Luteni Pelham, kijana mpole wa kusini aliyekuwa ofisa wao, aliamuru kila mtu avae. Dorcas alinguruma vizuri shambani, akavuka handaki, akaelekea kambini. Mbele palikuwa na kibanda cha jiko. Enoch akageuka, akamwambia Seth: acha kushoto, taratibu, bado, sasa. Aliyasema kwa midomo yake yote, wazi, kama afanyavyo siku zote. Seth akamkodolea macho. Enoch akarudia kwa nguvu zaidi. Pete za chuma zikachezacheza kidevuni, basi. Mtu mwingine yeyote angeinua mkono. Yeye, mtoto wa mabanda, aliamini mpaka dakika ya mwisho kwamba amekwisha kusema.

Dorcas akaingia jikoni. Ukuta wa mbao ukalala, sufuria la supu likalala, na mpishi akatokea upande wa pili ameshika upawa.

"Wafumaji ninyi!" alifoka. "Mama zenu hawakuwafundisha kubisha hodi?"

Luteni Pelham aliteremka, amepauka. "Duxbury, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasema, afande."

"Unasema na nani?"

"Na shemeji yangu, afande. Hakunisikia."

"Nani angekusikia mle ndani?"

Seth ndiye aliyeeleza, na Luteni, kwa heshima yake, alisikiliza mpaka mwisho. Akaguna. Akasema barakoa zitavaliwa zima zima, na kuanzia siku hiyo Dorcas ataongozwa kwa ishara za mkono kama vifaru vingine.

Jioni Seth alimjia na koleo.

"Lete barakoa yako. Nazikata hizo pete tu. Macho yako yanabaki salama, mdomo nausoma. Ofisa hataona."

"Hapana."

"Kwa nini? Kwa mkono sisi ni wazito, shemeji. Leo tulipojaribu umenionyesha vidole kumbe ulitaka ngumi. Siku ya vita tutakwama kama ng'ombe kwenye tope, watuchome moto humo humo."

"Mdomo ni wangu, Seth."

"Na sisi wengine je?"

"Na dada yako je?" Enoch akasema. "Nikirudi kwake bila mdomo, nimerudi na nini? Atakaa na mtu anayetembea nyumbani kama paka. Macho nikiyapoteza, bado nitasema naye. Mikono nikiipoteza, nitasema naye. Huu," akajigusa midomo, "huu nikiupoteza nimemfungia mlango kwa nje."

Seth aligeuzageuza koleo mkononi. Alimpenda dada yake. Pia alikuwa na miaka ishirini na hakutaka kufa. Akalirudisha mfukoni, wala hawakulizungumza tena. Lakini Enoch alijua kwamba tangu hapo anajilinda kwa gharama ya wenzake, na kujua huko kulimwasha kuliko chawa. Alijifunza ishara mpaka mabega yakamuuma. Ngumi, gia ya kwanza. Vidole viwili, ya pili. Mkono kushoto, mkono kulia. Kiganja wazi, simama. Hizo tu, na kwa mtu aliyezoea kusema kila kitu, zilikuwa kama kupewa vijiko vitano vya maji kwa kiu ya kiangazi.

Siku ya vita ilikuwa ya ukungu, Novemba, upande wa mji wa Cambrai. Vifaru viliondoka kwa wingi ambao hawakuwahi kuuona. Dorcas alivuka handaki la kwanza, akavuka la pili. Joto lilipanda mpaka jasho likajaa ndani ya barakoa na kuyawasha macho, na moshi wa injini ukamtapisha mpiga bunduki mmoja. Enoch aliinua ngumi, Seth akafuata. Alionyesha kulia, wakaenda kulia. Akaanza kuamini kwamba inawezekana.

Saa za mchana waliingia kwenye njia iliyozama kati ya kingo mbili, karibu na kijiji. Mbele gari la kukokotwa lilikuwa limepinduka na kuiziba njia. Pa kutokea palikuwa kulia tu, kwenye ukingo ulioporomoka. Bunduki ya rashasha iliyofichwa dirishani mwa nyumba iliwaona, ikaanza kupiga bamba za mbele, mfululizo, kama mvua ya mawe juu ya bati. Cheche nyeupe zikaanza kuruka ndani.

Enoch alikuwa ameinua mkono kuonyesha kulia alipowaona. Walikuwa chini ya ukingo wa kushoto, askari wao wenyewe, wawili, wamelazwa hapo na wabeba machela ambao hawakurudi. Mmoja alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anakitazama kifaru.

Kifaru kikikata kulia, mkia wake hufagia kushoto. Kila dereva analijua hilo. Kikikata kwa nguvu, kingewasaga wale watu kwenye ukingo. Kikisimama, mizinga ingekitafuta ikakipata. Njia ilikuwa moja: kung'ata kidogo, kunyooka, kung'ata tena, kama mtu anayepitisha kabati mlangoni. Mkono wake ukabaki hewani. Katika ishara zote alizojifunza hakuna iliyosema majeruhi, hakuna iliyosema mkia, hakuna iliyosema kidogo kidogo. Luteni alikuwa amewaona pia. Alimshika bega Enoch, anapiga kelele, na kelele zake zilikufa hapo hapo.

Nyuma, Seth alisubiri, mkono kwenye gia, ameona mkono umeinuka na hajui unamwambia nini.

Enoch akamfikiria Hetty. Hakumfikiria kwa muda mrefu, muda haukuwepo. Akaingiza kidole gumba chini ya zile pete, akazitupa juu ya paji la uso, akageuka.

"Watu wetu," akasema kwa mdomo mtupu. "Kushoto. Wamelala. Achia kulia kidogo tu, kisha nyoosha."

Uso wa Seth ukafunguka. Akainama kwenye gia, akampigia mwenzake ishara.

Dorcas aling'ata udongo, akanyooka. Enoch akachungulia kwenye mwanya, akageuka tena. "Bado kidogo. Hivyo hivyo. Nyoosha." Akachungulia. Pete zilikuwa zingali juu, hakuwa na mkono wa kuzishushia. "Mara ya mwisho, sasa, sa..."

Hakusikia maumivu. Alidhani mtu amemmwagia chai ya moto. Akaona Seth amepiga yowe lisilosikika, akaelewa kutokana na uso wa Seth kilichoupata uso wake mwenyewe. Mikono yake ilibaki kazini mpaka Dorcas akapanda ukingo, akatoka. Mpiga bunduki wa nyuma alisimulia baadaye kwamba majeruhi wale walimwagiwa tope kuanzia kichwani hadi miguuni, na yule wa kiwiko alikuwa anawatolea ngumi na kuwatukania wazazi.

Alikaa miezi katika hospitali za Uingereza. Walimshona, wakamchukulia ngozi kwapani, wakamtengenezea mdomo wa juu ambao ulikuwa mzito na haukukunjika. Wakasema ana bahati, anaweza kula. Enoch alitembea ukumbi wa wodi asubuhi mpaka usiku, wauguzi wakimwambia, "Keti, Bwana Duxbury, utatoboa sakafu." Hetty alitaka kuja. Enoch akamzuia, akamtuma Seth, aliyekuwa likizoni, aseme kwamba nauli ni kubwa. Kila siku mbele ya kioo aliyajaribu maneno ya zamani, yale aliyomposea Hetty bandani, na kila siku alimwona kiooni mtu asiyejua kusema.

Alirudi Padiham majira ya kuchipua bila kutoa taarifa. Aliizunguka mitaa miwili mitatu kabla ya kuthubutu mtaa wake. Hetty alikuwa amepiga magoti mlangoni, anasugua kizingiti kwa jiwe jeupe kama wanawake wote wa mtaa ule. Kivuli kikamwangukia, akainua uso.

Alimtazama muda mrefu. Hakupiga kelele, hakufunika macho. Aliutazama ule mdomo kama mfumaji atazamavyo kitambaa kilichoharibika, akitafuta uzi ulipoanzia kukatika.

Enoch akasema.

"Nini?" Hetty akauliza, kwa sauti iliyowatoa majirani madirishani.

Akasema tena. Yalikuwa maneno yale yale ya bandani, lakini mdomo wa juu ulikataa. Akataka kugeuka arudi stesheni.

Hetty akainuka, mikono nyeupe kwa vumbi la jiwe, akamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga.

"Umesema viazi?"

Akatikisa kichwa.

"Unaongea kama jirani zetu wa Yorkshire, wasiofungua mdomo," Hetty akasema. "Simama vizuri. Usiinamishe uso. Tena."

Akasema tena, na machozi yakamtoka, ndiyo yaliyoharibu zaidi. Hetty akayafuta kwa kidole gumba, akamwachia alama nyeupe shavuni, macho yake hayakuondoka mdomoni.

"Bado," akasema. "Tena."

Akasema tena.