Blanketi Mtapewa Ng'ambo

Nakumbuka siku moja, mvua za vuli ndiyo kwanza zinaanza, tulipokwenda Mang'ola kumchukua bibi harusi. Bwana harusi nilikuwa mimi. Ibada ilikuwa Karatu mchana ule ule, na njia ya kurudi ilikata korongo pana la mchanga linaloshuka kutoka Mlima Oldeani.

Asubuhi nilikuwa nimesikiliza utabiri redioni, kama nifanyavyo hadi leo: mvua kubwa nyanda za juu za Ngorongoro, bondeni, jua. Nikafurahi. Njia yetu ilikuwa ya bondeni.

Mwanangu, harusi ina vituko vyake. Katikati ya korongo, shangazi zake bibi harusi waliteremka kwenye lori, wakaketi mchangani mbele ya magurudumu, wakagoma. Ndiyo desturi: binti havuki mpaka wa kwao kabla waliomlea hawajapozwa. Tukawapa kanga. Wakaipokea bila hata kuitazama.

"Huyu amekua kwa vitunguu na jua la Mang'ola," akasema mkubwa wao. "Huko kwenu ni baridi. Blanketi liko wapi?"

Vicheko, ngoma, vigelegele! Ndipo Shangazi Paulina, dada wa baba yangu, akanivuta mkono. Oldeani haukuonekana, wingu jeusi lilikuwa limeufunika hadi mashamba ya kahawa.

"Redio ilisemaje?"

"Mvua iko juu, shangazi. Huku jua tu."

"Na maji ya huko juu hushukia wapi, bwana harusi? Umesikia utabiri wa miguu yako, wa kichwani umeuacha!"

Akawageukia waliogoma. "Wakwe, inukeni! Blanketi mtapewa ng'ambo! Mawili!"

Wakamcheka. Kisha upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa, na juu yetu jua linawaka. Bibi harusi akavua viatu, akakusanya gauni, akatimua mbio. "Mimi navuka! Anayegoma abaki!" Shangazi zake wakamfuata wakipiga mayowe, lori likinguruma nyuma yao.

Gurudumu la mwisho lilipopanda ukingo, maji yakafika: ya kahawia, yamebeba magogo, yakivuma kuliko lori letu. Tulihesabiana. Sote tulikuwepo. Ngoma moja tuliyoisahau ikapita mbele yetu ikielea.

"Na hiyo ngoma," akahema yule shangazi mkubwa, "mtailipa kwa blanketi la tatu!"

Tulicheka hadi kanisani.

Mwanangu, wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema ni mawingu yaliyo juu yako tu. Leo utabiri unao kwenye simu; usisome jina la kijiji chako ukaridhika. Soma na mlima ulio juu yako, kwa maana maji hufuata mkondo. Mke wangu, nikimsomea habari za hali ya hewa, bado huuliza, "Na juu je?" Ndivyo ilivyo hata kwa mambo ya watu: habari ya jirani ni yako pia, imechelewa kidogo tu kukufikia.

Mungu akupe mvua za kuotesha. Akuvushe kila korongo likiwa bado kavu. Na ukishavuka salama, wape watu mablanketi yao.