A ya Kitanzi

Taipureta ya ofisi ya tarafa ilikuwa na herufi zote ambazo Serikali ilizihitaji. Mpima ardhi akahitaji moja zaidi.

Alikuja kupima kijiji chetu kipya cha ujamaa, upande huu wa Ikungi. Alipanga viwanja kwa mistari, kuanzia a hadi h, yote kuelekea vichakani. Kisha akaona panatosha mstari mwingine mmoja kando ya lambo. Mtu wa kawaida angeuita i. Yeye aliuita alfa, herufi ya Kigiriki, akaichora kwa mkono: kitanzi kama kile cha kumfungia ndama.

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga chapa. Nilipotoka nje kumuuliza kitanzi kinagongwaje, gari lake lilikuwa limeshaondoka. Basi kila nilipokikuta katika orodha yake ya viwanja na wenyewe nilisimamisha mashine, nikamlaani kidogo, nikagonga a. Mara nane. Orodha yake ya mkono nikawashia jiko la chai, kama tulivyofanya kwa karatasi zote zilizokwisha kupigwa chapa.

Siku ya kuhamia, kila kiwanja cha a kilikuwa na wenyewe wawili, na wote walikuwa wameshusha mizigo kando ya lambo, maana hakuna mjinga aliyekwenda vichakani. Katika a 7 walikuwamo mama yangu na mjane mmoja aliyekuwa jirani yetu tangu nizaliwe. Niliwakuta wamekaa juu ya vinu vyao wakigawana ugoro.

Katibu tarafa akaniita mezani.

“Wewe ndiye uliyegonga hii. Unakumbuka vitanzi vilikuwa vya nani?”

“Nakumbuka, mzee.”

“Haya, chukua kalamu uvichore. Utakachochora ndicho hicho, sitaki kelele.”

Nilikumbuka kweli. Herufi iliyonisumbua kiasi kile nisingeisahau. Katika a 7, kitanzi kilikuwa cha mjane. Mama yangu alikuwa a ya kawaida, kule vichakani, karibu nusu saa kwa miguu kutoka kwenye maji, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Mjane alikuwa amemzidi umri. Hilo nalo nililikumbuka.

Vitanzi saba nilivichora kwa haki. Cha nane nilikichora mbele ya jina la mama yangu. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Katibu tarafa akapiga muhuri, akanisifu kwa kumbukumbu yangu.

Mama aliishukuru Serikali kwa kumjali, akapanda mboga za majani mlangoni.

Jumamosi moja, miezi kadhaa baadaye, nilikwenda kumsalimia. Nikamkuta mjane ameinama lamboni, anajaza debe. Nikamwamkia shikamoo, nikamsaidia kulitwika.

“Marahaba, mwanangu,” akasema, akiliweka debe sawa kichwani. “Nimesikia ni wewe uliyetuchorea zile herufi. Tungegombana siye, watu wazima, kwa ajili ya kiwanja. Mungu akubariki sana.”

Nilitaka kumwambia. Maneno nilikuwa nayo, tena mafupi, yasingejaza hata mstari mmoja wa taipureta.

“Ahsante, mama,” nikasema.

Akashika njia ya vichakani, polepole, na maji yakimdondokea begani.